Macho ya Mpiga Dramu

Verna Tuttle alilifunga sanduku lake la safari siku moja kabla, kwa sababu alijijua. Likibaki wazi angepata kisingizio cha kurudisha hiki na kile kabatini, na mwisho wa yote angejikuta bado yuko hapa hapa Buffalo, kwenye chumba cha kuvalia kinachonuka poda na kahawa, akimngoja mwanaume asiyeweza kulitaja jina lake mbele ya mama yake.

"Umelikalia?" Dot, mchezaji mwenzake, alimuuliza kutoka kwenye kioo cha pili.

"Nimelikalia, nimelipiga teke, limefunga."

"Na yeye umemwambia?"

"Nimwambie nini? Treni ya kesho ya Cleveland anaijua. Hata paka wa ukumbi huu anaijua."

"Shoga, sijauliza habari za treni mimi."

Verna akachovya brashi kwenye poda. Nje, theluji ya ziwani ilikuwa ikianguka tangu alfajiri, ile isiyo na haraka wala upepo, na dirisha dogo lilikuwa limejaa weupe kama kikombe cha maziwa. Sauti za mtaani zilikuwa zimezama. Buffalo nzima ilikuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi akaambiwa alale tu, hakuna linalomngoja. Mchana wa namna hiyo mtu huweza kuamini chochote. Verna alikuwa amejikataza kuamini.

Kwenye karatasi zilizobandikwa mlangoni pa ukumbi wa Garnet aliitwa Vivienne Delacroix, Ua la Paris. Paris hakuwahi kuiona. Alizaliwa Muncie, Indiana, binti wa kinyozi, na alikuwa akifunga chupa kwenye maboksi kiwandani mpaka kundi la wacheza densi lilipopita mjini likiwa limeachwa na msichana mmoja. Gauni la aliyeondoka lilimtosha Verna. Hivyo ndivyo alivyoingia kazini, kwa kutoshwa na gauni. Mengine alijifunza njiani, mji baada ya mji, treni baada ya treni: namna ya kushona puleki za kumetameta gizani, namna ya kulala umekaa, namna ya kuvua glovu moja taratibu mpaka wanaume wa safu za nyuma wasahau kutafuna. Watu walidhani kazi yake ni kuvua. Ukweli ni kwamba mwishoni alibaki na nguo nyingi kuliko wanawake wanaoogelea ziwani mwezi wa Julai. Alichowauzia ni kungoja. Alijua kuwangojesha watu, nao wakatoka wakiwa wameota.

Alikuja Garnet kwa wiki moja, ukumbi ukajaa, akabakizwa majira yote ya baridi. Na kwenye shimo la bendi, chini ya jukwaa upande wa kulia, alikuwepo Kaz Wolniak.

Yeyote aliyewahi kufanya kazi hizi anajua kwamba mchezaji hafuati dramu. Dramu ndiyo inayomfuata mchezaji. Mwenye tarumbeta anaangalia karatasi yake, mwenye piano anaangalia vidole vyake, lakini mpiga dramu hana karatasi. Karatasi yake ni mwanamke aliye juu. Akitikisa nyonga, pigo lake lipo. Akiangusha glovu, pigo lake lipo. Akisimama kimya, na ngoma isimame kimya. Mpiga dramu akipepesa macho tu, kazi imeharibika.

Siku ya kwanza Verna aliinua bega, dramu ikaliinua pamoja naye. Akageuza kifundo cha mkono, na fimbo ikaigusa sahani ya shaba kidogo sana, kama mtu anayenong'ona, nimeona. Verna alitazama chini. Akakuta uso mrefu, mtulivu, na macho ya kijivu yaliyomtazama bila tamaa na bila haraka, kama mtu anayesoma barua aliyoingoja miaka. Verna alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja na alikuwa ameangaliwa na nusu ya wanaume wa Amerika. Siku ile ndiyo kwanza alihisi kuna mtu amemwona.

Wakapendana majira yote ya baridi. Ndipo ikaja ile Jumamosi iliyopita.

Aliiachia glovu ya pili, ikaanguka kimya. Hakuna pigo. Alitazama shimoni akamkuta Kaz ameinamisha kichwa, anaikodolea macho ngozi ya dramu kama aliyeangusha kitu humo. Safu ya tatu alikuwa amekaa mzee mwenye masharubu meupe, kofia ya Jumapili magotini. Mtu mmoja akacheka. Kisha wengine. Verna akamaliza densi yake peke yake, juu ya kicheko.

"Ni mjomba wangu, Verna," Kaz alimwambia baadaye kwenye ngazi. "Mjomba Bronek. Ndiye anayekusanya sadaka kanisani kwetu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilishtuka."

"Uliona aibu."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Uliangalia chini."

Kaz angeweza kujitetea mpaka asubuhi, hakuna ambacho kingesaidia, maana hakujua kile kichwa kilichoinama kilimrudisha Verna wapi. Kilimrudisha Muncie. Baba yake alipojua binti yake anafanya kazi gani hakumpiga wala hakumfukuza. Alizungumza naye siku nzima ya Krismasi akiangalia jiko. Alimpitishia chumvi akiangalia jiko. Alimwambia safari njema akiangalia jiko. Verna hakurudi tena.

Mlango wa chumba ukagongwa, ukafunguka kabla mtu hajaitikia.

Aliyeingia alikuwa mwanamke mfupi, mpana, wa umri wa bibi, koti jeusi limefungwa vifungo mpaka kidevuni, kapu mkononi, theluji mabegani. Alikitazama chumba kizima, manyoya ya mbuni, viatu, soksi zilizoanikwa kwenye bomba la joto, kisha akauliza, "Nani kati yenu ndiye wa Paris?"

Dot akaelekeza brashi. "Huyo. Mimi ni wa Scranton."

"Mimi ni mama yake Kazimierz."

Verna akasimama, akakaza mkanda wa kanzu yake ya kuvalia. Macho hayakuhitaji kuulizwa ni ya nani. Yalikuwa ya kijivu vilevile.

"Karibu, mama. Kaa."

"Sikai. Nimekuja mapema makusudi, nikukute una nguo."

Dot akapaliwa na kahawa.

"Nguo ninazo nyingi," Verna alisema. "Kazi yangu inaanza na nguo."

"Ndivyo nilivyosikia. Kaka yangu Bronek amenisimulia. Anasema alikosea mlango, alidhani ni posta."

"Alikaa mpaka mwisho, mama."

"Najua. Nilimuuliza stempu ziko wapi." Mama Wolniak akaliweka kapu chini. "Sasa nisikilize, binti. Mimi sizunguki na maneno. Mwanangu aliniambia anapiga dramu kwenye mgahawa wa hoteli. Majira yote ya baridi nimempigia pasi mashati ya hoteli. Hilo nitamalizana naye mwenyewe. Lakini halali. Anazunguka jikoni, anagonga vidole mezani, chakula anakisukuma. Nimeambiwa kesho unaondoka. Nimekuja kukuomba jambo moja. Ukiondoka, ondoka kabisa. Usimwachie anwani."

Verna akanyoosha mkono, akaonyesha sanduku lililofungwa kwa mkanda.

"Umetembea kwenye theluji yote hii kuniomba kitu nilichokwisha kukifanya."

Mama Wolniak akalitazama sanduku. Alikuwa kama mtu aliyekuja na nguvu zake zote kusukuma mlango akakuta uko wazi.

"Umemkataa?"

"Sikumkataa."

"Sasa? Kakuudhi? Kanywa? Hanywi huyo."

"Hajawahi kunitaja mbele yako," Verna alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Kila Jumapili aliniahidi atanipeleka nikale kwako. Kila Jumapili kulikuwa na mafua, au theluji, au mgeni wa kanisani. Halafu Jumamosi ile aliinamisha macho. Mama, mimi naweza kuishi na mtu asiye na kitu. Naweza kuishi na mtu anayekoroma."

"Anakoroma."

"Sawa. Lakini mtu anayeangalia chini nikisimama mbele ya watu wake, huyo siwezi. Ninaye mmoja tayari, ni baba yangu, ananitosha."

Dot alijifanya anatafuta pini. Theluji ikateleza kutoka juu ya dirisha, mwanga ukaingia chumbani ghafla, mweupe, ukatua juu ya ile kanzu ya zamani ya Verna yenye kiraka kwenye kiwiko.

"Nani alikushonea hicho kiraka?"

"Mimi."

"Hmm," alisema mama yule, na haikujulikana ni hmm ya namna gani.

Kengele ikalia. Saa nane na nusu, onyesho la kwanza. Mama Wolniak akachukua kapu lake, akasema amesema aliyokuja kusema, akatoka. Verna akavaa: gauni la bluu la puleki, koti fupi la manyoya, glovu ndefu mpaka juu ya kiwiko. Aliposhuka ngazi kuelekea jukwaani alisikia makelele ya Fitch, msimamizi wa jukwaa, mtu ambaye hajawahi kusema kitu kwa sauti ya kawaida.

"Hatimaye! Wewe ndiye wa badala ya Hattie?"

Hattie ndiye aliyekuwa akidaka nguo. Kila ukumbi unaye mwanamke wa kazi hiyo, anayesimama nyuma ya pazia na shuka jeupe mikononi, mchezaji akirusha kitu akidake kisiguse vumbi. Asubuhi ile Hattie alikuwa ameteleza kwenye barafu, kifundo kimevimba kama kabichi.

Na aliyesimama mbele ya Fitch, aliyepotea akitafuta mlango wa kutokea, alikuwa Mama Wolniak.

"Mimi natafuta njia ya—"

"Njia ni hii! Mkono wa kushoto, simama hapa, shika shuka! Kinachoruka unakidaka. Kisiguse chini, puleki zinamwagika!"

"Bwana, mimi ni mama yake—"

"Hata ungekuwa mama yake meya! Hakuna kuongea nyuma ya pazia!"

Fitch akamnyang'anya kapu, akamtandikia shuka juu ya mikono, akapotea gizani. Verna alikuwa hatua chache nyuma. Alitaka kusema huyu siye, mwacheni. Lakini saksafoni ilikuwa imeshaanza, ile sauti yake ya chini kama moshi, na pazia lilikuwa linafunguka. Wakatazamana, mama yule na shuka lake, Verna na manyoya yake.

"Nifanye nini?" Mama Wolniak alinong'ona.

"Daka tu, mama," Verna alimjibu, akaingia kwenye mwanga.

Mwanga ule ulikuwa wa bluu. Kila siku ulimpa hisia kwamba amezama kwenye maji ya uvuguvugu, mahali ambapo miguu haina uzito na saa hazitembei. Vichwa vya watu vilikuwa mawe ya chini ya ziwa. Alitembea polepole kuvuka jukwaa lote, asifanye lolote ila kutembea, na dramu ikatembea naye, ndu, ndu, ndu, laini kama mapigo ya mtu aliyelala.

Hakutaka kumtazama. Alijiambia hatamtazama. Alivua koti la manyoya bega moja kwanza, kisha la pili, akalirusha kushoto. Macho yake yakalifuata, na ya Kaz pia, maana ndiyo kazi ya macho ya Kaz. Koti likatua juu ya shuka. Juu ya shuka kulikuwa na uso wa mama yake.

Verna aliona uso wa Kaz unavyopauka. Fimbo zilisimama hewani.

Sasa ataangalia chini, aliwaza. Sasa. Alijikuta hana hasira. Alikuwa na huzuni tu, kubwa na tulivu, kama ile theluji.

Fimbo zikashuka. Pigo la koti likaja, limechelewa kidogo tu, kama mtu aliyevuta pumzi kwanza. Kisha macho ya kijivu yakaondoka kwa mama, yakarudi kwake, yakabaki.

Yalibaki alipogeuka. Yalibaki mkanda ulipofunguka, sketi ndefu ilipozunguka hewani na kuruka kushoto, na kutoka nyuma ya pazia ikasikika sauti nzito ikisema "Yesu na Maria!" na sketi ikadakwa. Watu walicheka. Kaz hakucheka wala hakupepesa. Alimtazama mbele ya mama yake kama alivyomtazama siku zote, bila haraka, na kila alichofanya Verna kikawa na sauti, hadi unyayo wake uliponyooka, hadi alipomeza mate.

Ikafika zamu ya glovu ya pili.

Aliivua mpaka kwenye vidole. Ikaning'inia. Hapa ndipo kila siku aliposubiri kidogo, kisha akaachia. Mpiga dramu yeyote aliyezoea angeweza kulipiga pigo lile amefumba macho.

Verna hakuachia.

Alisubiri. Tarumbeta ikafika mwisho wa karatasi yake, ikanyamaza. Piano ikasitasita, ikanyamaza. Ukumbi mzima ukashikilia pumzi. Mtu aliyekuwa anapiga kwa mazoea angekuwa ameshapiga. Mtu aliyeinamisha macho angekuwa ameshapiga. Kaz alikuwa ameinua fimbo, na alikuwa anamngoja. Angemngoja hivyo mpaka theluji iyeyuke, mpaka ziwa lifunguke, uso ule haukuwa na saa ndani yake.

Verna akafungua vidole.

Pigo na glovu vikafika chini pamoja.

Alipotoka jukwaani makofi yalikuwa bado yanaendelea. Mama Wolniak alikuwa amesimama pale pale alipowekwa, shuka limejaa bluu na manyoya mpaka kidevuni. Alimtupia Verna kanzu mabegani kabla hajasema lolote.

"Jifunike, kuna upepo huku."

Fitch akapita mbio. "Safi sana, mama! Hukuangusha hata kimoja!"

"Nimelea watoto watano," alimjibu. "Siangushi vitu."

Wakapanda ngazi. Chumbani Mama Wolniak akazikunja nguo moja moja juu ya kiti, akipuliza vumbi lisilokuwepo. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nyumbani anakula akiangalia sahani. Tangu baba yake afariki. Nikiongea naye anaangalia dirisha, anaangalia kikombe. Nilidhani ndivyo alivyo." Akanyoosha mkunjo mmoja kwa kiganja. "Kumbe anaweza."

Dot alikuwa ameacha kabisa kujifanya anatafuta pini.

Hatua zikasikika kwenye korido, za mtu anayekimbia halafu anapunguza. Kaz akasimama mlangoni, tai imelegea, jasho kwenye paji la uso, na mkononi ameshika ile glovu iliyoangukia jukwaani. Alimwona mama yake. Sakafu ilikuwepo ya kutazama, dirisha lilikuwepo, hata sanduku lile lilikuwepo.

Verna akangoja, kama alivyongoja kule kwenye mwanga.

"Mama," Kaz alisema. Macho yake yalikuwa juu ya Verna. "Mama, huyu ni Verna Tuttle. Baba yake ni kinyozi kule Muncie. Ndiye aliyeninyima usingizi. Nilitakiwa kumleta nyumbani siku nyingi, nikaogopa kama mjinga. Nataka kumwoa, kama bado ananitaka."

"Unanijulisha nini sasa?" Mama Wolniak alisema. "Nimeshabeba nguo zake zote."

Dot akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa sponji ya poda, wingu jeupe likatanda chumbani. Verna naye alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamponyoka, akayaacha yaharibu rangi ya macho aliyoipaka kwa saa nzima.

"Na wewe?" Kaz alimuuliza taratibu. "Sanduku umeshalifunga."

"Masanduku yanafunguka," Verna alisema. Akamnyooshea mkono wake mtupu. "Cleveland nitakwenda, Kaz. Kazi yangu siiachi."

"Sijakuomba uiache. Cleveland nako wana dramu?"

"Wana dramu. Mpiga dramu wao ana makengeza."

"Basi watanihitaji."

Akaanza kumvalisha glovu, kidole kimoja kimoja, polepole sana, kama mtu anayeirudisha densi nyuma kutoka mwisho kuelekea mwanzo. Verna alimtazama utosi wake ulioinama juu ya mkono wake, akafikiri kwamba mtu huweza kuinamisha kichwa kwa namna nyingi, na hii angeweza kuizoea.

"Yatosha, yatosha," Mama Wolniak alisema. "Kesho baada ya misa mnakuja kula. Kuna pierogi za viazi na soseji. Treni ya jioni ipo?"

"Ipo, mama."

"Mtapanda ya jioni. Kama mnakwenda wawili mseme mapema, nifunge chakula cha njiani. Bronek hatakuwepo."

"Kwa nini?" Kaz aliuliza.

"Atakuwa posta."

Kengele ikalia tena, onyesho la pili. Chini Fitch alikuwa ameshaanza kupiga kelele za nani kaficha shuka. Mama Wolniak akafungua kifungo cha juu cha koti lake, kisha cha pili, akalivua, akalitundika msumarini kando ya manyoya ya mbuni. Akalichukua lile shuka, akalikung'uta mara moja dirishani.

"Ile sketi," alimwambia Verna, akitangulia mlangoni, "safari hii irushe juu kidogo. Ilinipiga machoni."